Kebo ya Upande wa Kulia

Kaka yangu Kulia,

Pokea salamu zangu, na tafadhali zipokee ukiwa umekaa. Najua barua zangu tatu za kwanza ziliishia chini ya godoro bila kufunguliwa. Shangazi ameniambia, na safari hii nimemwomba akusimamie mlangoni mpaka asikie bahasha ikichanika. U mzima? Mgongo unaendeleaje? Nasikia unapandisha majokofu ya watu ngazini peke yako, kana kwamba mafundi wenzako wote hapo kazini wamezaliwa bila mikono. Wifi hajambo? Mwambie sufuria lake kubwa bado ninalo na sijaliunguza, isipokuwa kidogo, upande mmoja.

Sisi huku ni wazima. Baba magoti yanamsumbua ila mdomo hauna tatizo, na kila asubuhi anabishana na redio kama kawaida yake. Mama hajambo. Anaongea kwa kile kinong'ono alichotoka nacho hospitali na tumeshazoea. Akianza kusema, tunaacha kutafuna. Anakuulizia kila wiki. Hamuulizi Baba, ananiuliza mimi, na mimi humjibu kwamba una kazi nyingi.

Nina neno la kukuambia kuhusu kanda uliyoondoka nayo, ile ya Mama. Miaka minne nimekaa nalo. Lakini nikilianza hapa nitalifuta, najijua, kwa hiyo niache kwanza nikueleze habari za Meneja, maana nisipomtoa kifuani nitapasuka, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye angemwelewa mtu wa namna hii kwa ubaya wake wote.

Nimepata kazi ya kufunga mitambo ya sauti kwenye ukumbi mpya wa mikutano, ghorofa ya pili ya jengo la maofisi. Ukumbi mzuri, sikatai. Viti vya bluu safu kumi na nane, zulia bado linanuka gundi, na nyuma kabisa wamejenga chumba cha kioo cha fundi wa sauti. Jukwaa liko mbele, mimi niko nyuma, na kebo haiwezi kukatiza juu ya vichwa vya watu. Inazunguka ukutani, inapanda juu ya mlango wa dharura, inashuka, inaingia kwenye kioo. Nimeipima kwa futi ya Baba: mita sitini na nane kila upande. Kebo mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja na spika yake jukwaani. Kazi ya siku nne kwa mtu anayeachwa afanye kazi.

Sikuachwa. Siku ya kwanza tu Meneja alikuja, mikono nyuma, akatazama kebo, akatikisa kichwa na kuniambia kwamba waya mrefu hula sauti. Kaambiwa na shemeji yake, ambaye ana redio kubwa sebuleni na kwa hiyo ni mtaalamu. Nikamweleza kwa upole, upole wa siku ya kwanza, kwamba waya mrefu hauli kitu ukifanywa inavyotakiwa. Nikamwambia siri ni tatu: sauti ipewe nguvu kule kule mwanzoni kabla ya safari, isisubiri kufika ndiyo ipewe; kebo ikae mbali na nyaya za umeme; na kebo yenyewe iwe ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ndani ya soksi ya shaba. Nyaya mbili hizo zinabeba sauti moja, lakini moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Uchafu wowote unaoingia njiani, mvumo wa taa, mvumo wa lifti, unaziingia zote mbili sawasawa. Zikifika mwisho, mashine inatoa moja kwenye nyingine, uchafu unakufa, sauti inabaki. Nilimwelezea vizuri kuliko Baba alivyotuelezea sisi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ila waya mrefu hula sauti.

Siku ya pili alikuja na wazo kwamba sauti huchoka kwenye kona. Alitaka nipunguze kona. Nikamuuliza nipitishe wapi, katikati ya ukuta? Akasema mimi ndiye fundi. Saa sita mchana akarudi na mfuko wa plastiki wenye plagi nne zilizopakwa rangi ya dhahabu, mchango wa shemeji. Nikazifunga, Kaka. Nilikuwa nimechoka, nikazifunga, akapiga picha.

Siku ya tatu ndiyo nilikaribia kushuka ngazi na kutorudi. Nafika asubuhi, nakuta kebo zangu zote zimebanduliwa ukutani na kusukumizwa ndani ya bomba la umeme, zimelalana na nyaya za taa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Meneja aliona zinaharibu rangi ya ukuta na akamwagiza fundi umeme azifiche. Fundi umeme ni mtu mwema, anafuata anachoambiwa. Tulipowasha taa na kuzipunguza mwanga, spika zote mbili zilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Meneja akanitazama kwa huruma na kusema aliniambia. Nilitoka nje, nikahesabu magari kumi na saba, nikarudi, nikazichomoa zote, nikazipitisha upande wa pili wa ukuta, na pale zilipolazimika kukutana na za umeme nikazivusha kwa kukatiza, si kwa kulala ubavuni. Mvumo ukaisha. Hakunipongeza mtu.

Siku hiyohiyo akaniuliza kwa nini fundi umeme ananiita Kushoto. Nikamwambia ni jina la nyumbani. Kwamba baba yetu ni fundi wa kurekodi, kwamba mtoto wake wa kwanza alilia usiku na mchana bila kupumzika, naye akasema kama ni kulia basi huyu ni Kulia, sasa tunasubiri Kushoto tupate spika mbili. Na nilipokuja mimi na kuanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, akaringa mtaani kama vile aliniagiza dukani. Meneja alicheka. Kisha akapiga kebo kwa ncha ya kiatu na kuuliza kama ina kiungo mahali, maana shemeji yake amemwambia kebo isiungwe. Nikamwambia haina. Nilimjibu haraka sana, kama mtu aliyelijibu swali hilo zamani.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Kebo hizo ni zile za stoo ya Baba. Ndiyo, zilezile, kwenye magurudumu yale ya mbao, yameandikwa kwa mkono wake, moja Kulia na moja Kushoto. Tangu siku ile ya kanda ya Mama hakuna aliyezigusa. Duka lilikuwa na kebo nzuri ya upande mmoja tu, ufunguzi ni Jumapili, nikasema potelea mbali, nikazifuta vumbi nikaondoka nazo.

Juzi Alhamisi tukajaribu. Mama wa usafi alikubali kusema kwenye maikrofoni, na Meneja akakaa safu ya tisa, kiti cha katikati kabisa, anakopanga kuketi siku ya ufunguzi. Mama wa usafi akahesabu moja hadi kumi, akachoka kuhesabu, akaanza kumwambia Meneja kuhusu viatu vyake vya matope kwenye zulia jipya. Maneno matamu sana. Lakini Meneja aliinua mkono akasema hasikii vizuri. Alisema sauti haina tumbo. Nikamwambia ni masikio yake. Akasogea viti vinne upande wa kushoto, akasema hapa ipo. Akarudi katikati, akasema hapa imeondoka. Nilishuka kutoka kwenye kioo huku nikitafuta maneno ya kumnyamazisha mara moja tu na yaishe. Nikakaa kiti chake.

Alikuwa anasema kweli. Kwa mara ya kwanza katika siku nne, yule mtu alikuwa anasema kweli. Pembeni sauti ya mama wa usafi ilikuwa nene na imejaa. Katikati ilikuwa nyembamba, ya mbali, kama inatoka nyumba ya tatu na mdomo umezibwa kwa mto. Kaka, niliitambua. Si sauti yake. Namna ilivyopotea ndiyo niliyoitambua.

Nilimwomba Meneja aniache peke yangu. Nikashika kebo ya kulia na kuifuata kwa vidole kutoka jukwaani, mita moja moja, na karibu na mita ya kumi na mbili vidole vikakuta uvimbe. Tepu nyeusi. Sikuhitaji kuukata ili nijue ni mkono wa nani. Wewe unapofunga tepu unaizungusha kwenda kulia, kama Baba, kama watu wote. Ile ilikuwa imezungushwa kwenda kushoto.

Sasa nakuambia, na usiache kusoma hapa.

Asubuhi ile ya kumrekodi Mama, ulipokwenda kumchukua, mimi nilisukuma piano jukwaani. Mpiga piano alitaka mwanga wa dirisha. Gurudumu lilipita juu ya kebo yako uliyoilaza tangu alfajiri, na nilipoiinua ilikuwa imebondeka hadi ndani. Baba alikuwa amesema mbele yetu wote kebo iwe kipande kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na alikuwa ameongeza ule mzaha wake kwamba mikono ya Kushoto ni ya kubebea tu. Sikutaka kumpa haki. Nikaingia nyuma ya pazia, nikakata palipobondeka, nikaunga nyaya, nikafunga tepu, nikagonga maikrofoni kwa kidole, nikasikia tok tok kwenye mashine. Sauti ilipita. Nikasema basi imekwisha, na sikumwambia mtu.

Unakumbuka Mama alivyosimama, katikati, mbele ya zile maikrofoni mbili zilizokaa kama masikio mawili, akijua kwamba Jumatatu madaktari watamfungua koo. Fundi wa kurekodi mwenye mke mwimbaji, miaka thelathini ya ndoa, na hakuwa na kanda yake hata moja; siku zote angerekodi mwezi ujao. Wimbo ule mmoja ndio uliokuwa wote. Na wewe ukiwa kwenye mashine na hedifoni kichwani uliniambia kwamba sauti ya Mama inakuzunguka kichwa na haitaki kukaa mbele. Ulisema hivyo, kwa maneno hayo. Mimi nikakuambia uache woga.

Nyumbani tukaicheza kwenye mashine ya Baba, ile iliyokuwa na spika moja kwa sababu nyingine iliungua, naye akawa amezielekeza pande zote mbili kwenye hiyo moja. Piano ikasikika. Makofi yakasikika, hata kikohozi cha mtu wa nyuma kikasikika. Mama hakuwepo, ila ule mwangwi wa nyumba ya tatu. Baba akauliza nani ameigusa kebo. Wewe ukasema hakuna. Akaniuliza mimi kama ina kiungo, nikasema haina. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeipima na kuipitisha njia ndefu ya ukutani, nilikugeukia mbele ya Mama nikakuambia waya wako mrefu umekula sauti yake. Ile sentensi si ya shemeji wa Meneja, Kaka. Niliisema mimi kwanza, na ndiyo maana siku zote nne sikuweza kuivumilia mdomoni mwa mtu mwingine.

Baba aliitupa kanda kwenye pipa la taka. Wewe uliitoa, ukaifuta kwa shati lako, ukaondoka nayo, na ukaacha kazi ya sauti ukaenda kutengeneza majokofu. Mimi nilibaki na wateja, na jina, na stoo. Kila nilipoanza kufikiria kile kiungo nilijiambia sauti ilipita, nilisikia tok tok, haiwezi kuwa mimi. Nimelilalia neno hilo miaka minne kama mto. Nilikuwa mwoga na nilikuwa mwongo, na wewe uliyafahamu yote mawili uliposimama mlangoni ukinitazama, nami nikatazama sahani.

Alhamisi niliufungua ule uvimbe kwa wembe. Nyaya ni mbili, nyeupe na ya bluu. Nyuma ya pazia, gizani, kwa haraka, nimeunga nyeupe kwenye bluu na bluu kwenye nyeupe. Basi. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sauti inapita, ndiyo maana tok tok ilisikika, ila inapita kinyume: upande wa kushoto unaposukuma, wa kulia unavuta. Ukizisikiliza kwenye spika mbili au kwenye hedifoni, sauti inazunguka kichwa na haina mahali pa kukaa. Ukizikutanisha kwenye spika moja, zinauana. Kilichoko pembeni kinabaki, piano, makofi. Kilichoko katikati ndicho kinachofutika. Mama ndiye aliyefutika, kwa sababu alisimama katikati yetu.

Lakini haikuliwa, Kaka. Soma tena hapo. Hakuna kilicholiwa. Mita sitini au mita mia, kebo yako ilikuwa imepitishwa vizuri, haina mvumo, na sauti ya Mama iko yote ndani ya kanda hiyo uliyoifunga kwenye kitambaa. Tafuta mashine yenye spika mbili. Spika ya kushoto iache ilivyo. Nyuma ya spika ya kulia utakuta nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Zibadilishe, nyekundu iende kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu. Usiguse kingine chochote. Kaa katikati. Atakuja kusimama mbele yako.

Jana nimewaambia Baba na Mama. Nimewaambia kabla yako kwa sababu barua hii nayo inaweza kwenda chini ya godoro, na sikutaka ulaumiwe katika nyumba hii hata siku moja zaidi. Nilisubiri Baba anikemee, nilitaka anikemee, akainuka na magoti yake akaenda stoo. Mama alinishika mkono wa kushoto akaugeuza-geuza kama anautafuta uzi, kisha akacheka kwa ule mcheko wake usio na sauti hadi machozi yakamtoka, na katikati ya machozi haukuwa mcheko tena. Aliponyamaza aliniuliza kwa kinong'ono je, alikosea ule ubeti wa tatu au hakukosea. Ameishi miaka minne akijiuliza hivyo na hajawahi kuuliza mtu. Wewe ndiye mwenye jibu, liko kwenye kitambaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Najua ukinisamehe kwa barua utakuwa umenisamehe ili ninyamaze. Ukitaka kunifokea, njoo unifokee hapa, mbele ya walewale niliokusingizia mbele yao, na sitatazama sahani. Meneja nimeshamwambia kwamba kebo ilikuwa na kiungo na nilimdanganya. Alisikitika sana, kisha akasema anashukuru kwa vile shemeji yake alikuwa sahihi. Nimeunga upya, nyeupe kwa nyeupe, bluu kwa bluu, na kesho watafungua ukumbi wao. Mzungusho wa tepu nimeuacha wa kushoto ili safari hii ijulikane ni nani.

Msalimie Wifi sana, na Shangazi mshukuru kwa kusimama mlangoni. Mama anakusalimu na anasema ule, usibebe majokofu peke yako. Baba hajatuma salamu, unamjua, lakini tangu jana mchana yuko stoo na ile spika iliyoungua, ambayo miaka yote hii hakuna aliyeigusa. Ameifungua, amebadilisha kilichoungua, na sasa hivi ninavyoandika ameniita nikasikilize.

Spika ya kulia inalia, Kaka. Imebaki kanda.

Ni mimi mdogo wako,
Kushoto